Msichana wa Mita 800 na Moyo Unaokwenda Mbio Mtu Anaposimama

Usiku wa tarehe 3 Agosti 2012, katika bwawa la Olimpiki jijini London, waogeleaji wanane walipanda vibao vya kuanzia kwa ajili ya fainali ya wanawake ya mita 800, mtindo huru. Ukumbi ulijaa Waingereza, na macho yao yalikuwa kwa Rebecca Adlington, bingwa mtetezi na mwenye rekodi ya dunia ya dakika 8 na sekunde 14.10, aliyoiweka Beijing mwaka 2008. Pembeni mwake alisimama mwanafunzi wa sekondari kutoka Bethesda, jimbo la Maryland nchini Marekani. Alikuwa na umri wa miaka 15, mdogo kuliko wanamichezo wote wa timu ya Marekani iliyokwenda London, na hakuwa amewahi kushiriki mashindano makubwa ya kimataifa. Jina lake ni Katie Ledecky. Alishika uongozi mapema na hakuuachia. Alipogusa ukuta saa ilisoma 8:14.63, Mireia Belmonte wa Uhispania alifika zaidi ya sekunde nne baadaye, na Adlington akapata medali ya shaba. Rekodi ya Marekani ambayo Janet Evans aliiweka mwaka 1989, miaka minane kabla ya Ledecky kuzaliwa, ilivunjwa usiku ule.

Habari hiyo imekwisha kusimuliwa mara nyingi na waandishi wa michezo. Ninairudia hapa nikiwa daktari wa moyo, kwa sababu mwezi Juni 2024 Ledecky alichapisha kitabu cha maisha yake na ndani yake akaeleza jambo ambalo kwa karibu miaka tisa walilijua watu wachache tu wa karibu naye: kwamba mwaka 2015, akiwa bado katika ujana wake na akiwa hashindiki katika masafa marefu, madaktari walimkuta na hali ambayo kwa kifupi chake cha kitaalamu huitwa POTS. Katika hali hii mtu akisimama, moyo wake hukimbia kupita kiasi, na pamoja na mbio hizo huja kizunguzungu, uchovu, pumzi fupi na hata kuzirai. Ni hali inayowapata zaidi wasichana na wanawake vijana. Katika zahanati na vituo vyetu vya afya inapita mbele ya macho yetu mara nyingi kuliko tunavyoiandika katika kadi za wagonjwa.

Tuanze na msichana mwenyewe, maana ugonjwa huu hauelezeki vizuri bila kuuelewa mwili wake na kazi aliyoupa.

Ledecky alizaliwa Washington tarehe 17 Machi 1997. Alianza kuogelea akiwa na miaka sita pamoja na kaka yake Michael, katika klabu ya majira ya joto ya jirani na kwao, mahali ambapo watoto hushindana mbele ya wazazi waliokaa kwenye viti vya kukunja. Mama yake alikuwa amewahi kuogelea katika timu ya Chuo Kikuu cha New Mexico, lakini nyumba haikuwa ya makocha. Baadaye aliingia katika klabu kubwa ya eneo lile chini ya kocha Yuri Suguiyama, na huko ndiko ilikogunduliwa kwamba mtoto huyu, tofauti na wengi wa rika lake, hakuogopa masafa. Katika mchujo wa Olimpiki uliofanyika Omaha mwaka 2012 alimaliza wa tatu katika mita 400, na katika mita 200 hakufika hata fainali. Nafasi ya kwenda London aliipata kwa mbio moja tu, mita 800, alizoshinda kwa 8:19.78. Wiki chache baadaye alipunguza zaidi ya sekunde tano.

Sekunde tano kwa mtu asiyefuatilia mchezo huu hazionekani kitu. Bwawa la Olimpiki lina urefu wa mita 50, hivyo mita 800 ni kwenda na kurudi mara nane. Kwa muda wa London, kila mita 50 zilimchukua wastani wa sekunde 30.9. Mbio za aina hii huendeshwa karibu zote kwa oksijeni. Misuli haiwezi kukopa nishati kwa dakika nane kama inavyoweza kwa sekunde ishirini. Lazima moyo usukume damu nyingi, mfululizo, na mapafu yajaze damu hiyo oksijeni huku uso ukiwa ndani ya maji, pumzi ikivutwa pale tu kichwa kinapogeuka. Moyo wa kijana anayefanya kazi hii miaka kadhaa hubadilika. Vyumba vyake hupanuka, kila pigo hubeba damu zaidi, na akiwa amepumzika mapigo hushuka: hamsini kwa dakika, pengine chini ya hapo. Mhudumu anayempima kijana wa namna hiyo kwa mara ya kwanza anaweza kudhani moyo umelegea, kumbe umekuwa na nguvu. Msomaji aikumbuke namba hii ya hamsini, tutaihitaji.

Mwaka 2013, katika mashindano ya dunia ya Barcelona, alishinda mita 400, 800 na 1500, pamoja na dhahabu ya kupokezana ya 4 x 200. Rekodi ya dunia ya mita 1500 aliishusha kwa sekunde sita nzima, kutoka 15:42.54 hadi 15:36.53, na ile ya Adlington ya mita 800 akaifuta kwa 8:13.86. Wakati huo kocha wake alikuwa Bruce Gemmell, mtu aliyesomea uhandisi, aliyempanga afanye mazoezi pamoja na wavulana. Wataalamu wa mtindo walianza kueleza jinsi mkono mmoja unavyokaa mbele kidogo kuliko mwingine, mwendo wa farasi anayetimka, ambao kwa kawaida huonekana kwa wanaume. Mimi si mtaalamu wa mtindo, nawaachia wenyewe.

Jambo moja la mbio hizo linanigusa zaidi. Mita 1500 alizotawala Barcelona hazikuwamo katika Olimpiki kwa wanawake. Wanaume walianza kuziogelea katika Michezo ya mwaka 1908. Wanawake walisubiri hadi Tokyo, michezo iliyofanyika mwaka 2021, yaani miaka 113. Kwa mkimbiaji wa riadha habari hii si ngeni: mita 800 za wanawake zilikimbiwa Amsterdam mwaka 1928, zikaondolewa, na zikarudi mwaka 1960. Kulikuwa na madaktari waliounga mkono dhana kwamba mwili wa mwanamke haustahimili. Taaluma yetu ina historia ndefu ya kuamini udhaifu wa wanawake pale wanapokuwa na nguvu, na kutowaamini pale wanaposema wanaumwa. Makosa hayo mawili yanaweza kufanywa na daktari yule yule, katika asubuhi moja.

Agosti 2015 mashindano ya dunia yalifanyika Kazan, Urusi. Ledecky alikuwa na miaka 18 na alikuwa amemaliza sekondari. Alikuwa ameahirisha mwaka mmoja kujiunga na Chuo Kikuu cha Stanford ili ajiandae kwa Olimpiki ya Rio. Katika mchujo wa mita 1500 alivunja rekodi yake ya dunia. Kesho yake katika fainali akaivunja tena, 15:25.48. Muda usiofika nusu saa baadaye aliingia majini tena kwa nusu fainali ya mita 200, akafuzu, na siku iliyofuata akatwaa dhahabu yake. Aliondoka Kazan na dhahabu tano: mita 200, 400, 800, 1500 na kupokezana. Nilipiga hesabu ndogo ya mita 1500 za fainali ile. Kila mita 50 zilimchukua wastani wa sekunde 30.85. Maana yake ni kwamba akiwa na miaka 18 aliogelea karibu mara mbili ya umbali wa London kwa kasi inayozidi kidogo ile ya London.

Mwaka huo huo ndio aliokutwa na POTS.

Inawezekanaje? Swali hili huulizwa na wazazi, na ni haki yao. Jibu limo katika tofauti kati ya mwili uliolala na mwili uliosimama.

Mtu anaposimama kutoka kitandani, nusu lita ya damu au zaidi huteremka kwenye miguu na tumbo kwa sababu ya uzito wake tu, kama maji yanavyokwenda chini ya kiriba. Damu inayorudi kwenye moyo hupungua. Kwa mtu mwenye afya, mfumo wa neva unaojiendesha wenyewe bila kuamriwa na akili huhisi upungufu huo kwa sekunde chache: mishipa ya miguuni na tumboni hujibana, moyo huongeza mapigo kumi hadi ishirini kwa dakika, na mambo yanatulia. Mhusika hana habari kwamba kuna kazi imefanyika. Kwa mwenye POTS marekebisho haya hayaendi sawa. Kwa wengine mishipa haijibani vya kutosha. Kwa wengine jumla ya damu na maji mwilini ni ndogo kuliko inavyotakiwa. Kwa wengine homoni ya adrenalini humwagika kwa wingi kupita kiasi. Na mara nyingi sababu hizi huchanganyika. Moyo unajaribu kufidia kwa njia moja tu iliyobaki, yaani kupiga haraka. Shinikizo la damu linaweza kubaki la kawaida kabisa, na hapo ndipo wengi wetu tunapopotea, kwa kuwa tumezoea kutafuta presha iliyoshuka.

Sasa mtazame mwogeleaji. Amelala kifudifudi, hivyo damu haina bonde la kuteremkia. Maji yanamkandamiza mwili mzima, miguu na tumbo, kama soksi ya kubana isiyo na mshono. Mtu anapozama hadi shingoni, mkandamizo huo husukuma kiasi cha mililita 700 za damu kuelekea kifuani. Moyo hujaa vizuri na kila pigo hubeba mzigo wake kamili. Misuli ya miguu inapiga, nayo inasaidia kupandisha damu. Kwa ufupi, bwawa linampa mgonjwa wa POTS karibu kila kitu ambacho kusimama ardhini kunamnyima. Ndiyo sababu kijana anaweza kushinda majini na bado akaona giza machoni anapopanda ngazi za bwawa kutoka nje, au anaposubiri amesimama katika foleni ya chakula.

Kwa hiyo medali si ushahidi kwamba mtu hana ugonjwa. Kinyume chake pia si kweli: POTS haimaanishi kwamba moyo umeharibika. Kipimo cha sauti ya moyo huonyesha moyo wenye umbo zuri, na kipimo cha umeme wa moyo huonyesha mapigo yenye mpangilio, ila ya haraka. Hali hii si mpya. Jacob Mendes Da Costa alieleza mwaka 1871 askari wa vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani waliokuwa na mapigo ya haraka, uchovu na kizunguzungu, akauita moyo wenye hasira; baadhi yao huenda leo tungewapa jina hili. Jina la POTS kwa maana ya sasa lilipendekezwa mwaka 1993. Baada ya janga la UVIKO-19 limesikika zaidi, kwa sababu baadhi ya watu walioupata ugonjwa ule walibaki nalo.

Katika mazingira yetu picha ni hii. Mama anamleta binti wa kidato cha pili. Hali ilianza baada ya homa kali, au katika mwaka ule aliorefuka ghafla. Anaanguka mstarini asubuhi, hasa jua likiwaka na hotuba ya mwalimu ikirefuka. Anasema akiinuka kitandani moyo unamdunda, mikono inatetemeka, kichwa kinakuwa kizito kiasi kwamba hasomi ukurasa mmoja akauelewa. Akilala anapata nafuu. Alipimwa malaria mara nne na kutibiwa mara tatu. Alipimwa ujauzito, pengine bila kuambiwa, na majibu yakawa hapana. Shangazi amesema ni mapepo. Mwalimu amesema ni uvivu. Muuguzi mmoja ameandika wasiwasi na kumpa vidonge vya usingizi. Presha aliyopimwa akiwa amekaa ni 110 kwa 70. Mapigo 84. Anarudishwa nyumbani na maneno kwamba hana ugonjwa wowote.

Namba hizo ni sahihi. Kasoro ni kwamba zilichukuliwa akiwa amekaa.

Kipimo kinachohitajika hakihitaji hospitali ya rufaa. Kinahitaji kitanda, mashine ya kupimia presha, saa yenye mshale wa sekunde, na dakika ishirini ambazo najua ni nyingi katika kliniki yenye foleni. Mgonjwa alale chali dakika tano hadi kumi, apimwe presha na mapigo. Kisha asimame bila kutembea wala kuegemea kwa miguu inayochezacheza, apimwe tena kila dakika mbili hadi dakika kumi, na mtu asimame karibu naye wa kumdaka. Mapigo yakipanda kwa 30 au zaidi kwa dakika na yakabaki juu, bila presha ya juu kushuka kwa 20, na dalili zake zile zile zikatokea, na ikiwa ameziishi kwa miezi mitatu au zaidi, basi POTS inahusika. Kwa vijana wa miaka 12 hadi 19 kiwango ni 40, kwa kuwa moyo wao kwa kawaida hupanda zaidi.

Hapa ndipo ile hamsini inapofanya kazi. Kijana mwanamichezo akiwa amelala ana mapigo 50. Akisimama anafika 95. Hakuna hata namba moja kati ya hizo mbili ambayo mhudumu angeizungushia kalamu nyekundu. Mapigo 95 ni ya kawaida kwa mtu aliyetembea kutoka kituo cha daladala. Tofauti yake, 45, ndiyo ugonjwa. Ukiandika mapigo ya mara moja tu, hutaipata kamwe.

Kabla ya kutoa jina hilo, yafaa kuondoa mengine yanayofanana nalo, na katika nchi zetu hayo ndiyo yaliyo mengi. Upungufu wa damu unakimbiza moyo, na wasichana wenye hedhi nzito au minyoo wanao kwa wingi. Wingi wa damu upimwe kwanza. Kuharisha na kutapika, tezi ya shingoni inayofanya kazi kupita kiasi, ujauzito, kifua kikuu, na dawa anazomeza mgonjwa, vyote viulizwe. Ugonjwa wa moyo unaotokana na homa ya baridi yabisi bado uko kwa watoto wetu, na unapomsikiliza kifuani ukasikia sauti isiyo ya kawaida, habari ya POTS iweke kando na umpeleke mbele.

Kuna alama chache ambazo hazitaki subira. Mtu anayezirai akiwa katikati ya kukimbia au kuogelea, si baada ya kumaliza, anayezirai amelala, anayezirai ghafla bila dalili ya kutangulia, au aliye na ndugu wa damu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Huyo anahitaji kipimo cha umeme wa moyo siku hiyo hiyo. Ipo hitilafu ya kurithi ya umeme wa moyo ambayo katika moja ya aina zake mashambulizi huamshwa hasa na kuogelea, na kijana aliyezama katika maji ambayo alikuwa anayamudu anaweza kuwa amekufa kwa moyo, si kwa maji. Kwa sababu hiyo namwomba kila mhudumu anayeletewa mtoto aliyeokolewa bwawani au baharini asiridhike na neno kwamba alikuwa anacheza.

Tiba ya POTS inaanza na mambo ambayo mgonjwa huyaona madogo. Maji lita mbili hadi tatu kwa siku, kidogo kidogo, na bilauri mbili kabla ya kutoka kitandani. Kukaa ukingoni mwa kitanda dakika moja kabla ya kusimama. Milo midogo ya mara kwa mara, kwa kuwa mlo mkubwa huvuta damu tumboni. Soksi za kubana zinazofika mapajani, au mshipi wa tumbo, kwa wanaozimudu. Chumvi pia huongezwa, mara nyingine hadi gramu 10 kwa siku, na hapa nataka nieleweke. Ushauri huu ni kwa mtu aliyepimwa na kuthibitishwa, ambaye presha yake haiko juu na figo zake ni nzima. Kwa jamii kwa jumla chumvi imezidi tayari, na mama mwenye presha asisome aya hii akaongeza kijiko kwenye sufuria ya familia. Kwa baadhi ya wagonjwa tunaongeza dawa, kama propranololi kwa kipimo kidogo, fludrokotisoni au midodrini, chini ya uangalizi.

Lakini dawa yenye ushahidi mzuri zaidi ni mazoezi, na ndiyo inayokataliwa zaidi. Mgonjwa anayepata kizunguzungu akisimama hulala; akilala wiki kadhaa, maji ya damu hupungua, misuli ya miguu hulegea, hata moyo hupungua ukubwa; akisimama tena anakuta hali imezidi. Ushauri wetu wa kawaida wa kupumzika tu unamsukuma ndani ya shimo hilo. Mpango unaotumika humwanzisha mgonjwa na mazoezi ya kulala au kukaa: kuogelea, kupiga makasia, baiskeli ya kuegemea. Baada ya miezi kadhaa ndipo anaposimama na kutembea kwa kasi. Ni ajabu kwamba mchezo aliouchagua Ledecky akiwa na miaka sita ndio ambao madaktari wangemwandikia akiwa na miaka 18.

Wengi wa wagonjwa wetu hawana bwawa. Mkeka unatosha kuanza: kulala chali na kuinua mguu mmoja mmoja, kubana misuli ya mapaja na makalio, kuinua nyonga huku magoti yamekunjwa, dakika kumi asubuhi na jioni, na kuongeza kila wiki. Wa mwambao wanaoweza kuogelea waingie maji ya kiunoni, wakiwa na mtu anayewaangalia, na kamwe wasiingie peke yao. Aliyewahi kuzirai hana ruhusa ya kuogelea peke yake, hata awe hodari namna gani. Wiki tatu za kwanza ni ngumu na mgonjwa atalalamika kwamba unamuumiza. Mwambie mapema kwamba itakuwa hivyo, ili isipokuja nafuu wiki ya pili asidhani umemdanganya. Kwa vijana wengi hali hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Kuhusu mzigo wa mazoezi kwa watoto wanaoshindana nitasema kidogo tu, kwa kuwa ni makala nyingine. Mabega ya waogeleaji wa masafa huumia kwa kurudia mzunguko ule ule maelfu ya mara kwa juma, na maumivu ya bega yanayodumu baada ya mazoezi yapimwe, yasikandwe tu. Madaktari wa watoto wa Marekani wanashauri siku moja au mbili za mapumziko kila wiki, na jumla ya miezi mitatu kwa mwaka mbali na mchezo mmoja. Msichana anayekosa hedhi miezi mitatu mfululizo hali chakula cha kutosha kwa kazi anayofanya mpaka ithibitike vinginevyo.

Turudi Rio. Baada ya Barcelona, Ledecky na Gemmell walijiwekea lengo la siri la mwaka 2016: dakika 3 na sekunde 56 katika mita 400, na dakika 8 na sekunde 5 au chini yake katika mita 800. Walilifupisha kuwa 565, na tarakimu hizo zikaandikwa kwenye kifaa cha kuelea alichokibana mapajani wakati wa mazoezi. Agosti 2016, mwaka mmoja baada ya kutambuliwa ugonjwa wake, akiwa na miaka 19, aliogelea mita 400 kwa 3:56.46. Siku tano baadaye, mita 800 kwa 8:04.79, na wa pili alifika zaidi ya sekunde kumi na moja nyuma. Zote mbili zilikuwa rekodi za dunia. Alishinda pia mita 200 na kupokezana kwa 4 x 200, na fedha katika 4 x 100.

Sidai kwamba binti wa kidato cha pili tuliyemwona juu atashinda Olimpiki akipewa maji na chumvi. Anachotafuta ni kidogo kuliko hicho, na kinapatikana: amalize kipindi cha hesabu bila kuinamisha kichwa mezani. Kwa hiyo nikimaliza kumpima huandika, pamoja na cheti cha dawa, barua fupi kwa mwalimu mkuu. Nasema ndani yake kwamba mwanafunzi huyu ana hali ya mwili inayojulikana na kupimika. Kwamba aruhusiwe kukaa wakati wa mkusanyiko wa asubuhi, kuwa na chupa ya maji darasani, na kwenda chooni bila kuomba mara mbili kwa sababu anakunywa maji mengi. Kwamba akianguka alazwe chali na miguu iinuliwe, asimwagiwe maji wala kuzungukwa na umati. Nasema pia kwamba asiondolewe kwenye michezo, bali aanze taratibu. Nakala moja anabaki nayo mama, kwa ajili ya mwalimu atakayehamia mwaka ujao.